Maji ya Katikati

Mimi hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu sitakuwa nimekosea. Nilianza na beseni la karanga stendi ya Masasi. Leo nina malori matatu, ghala la korosho na nyumba ya vigae pale Mkomaindo, na darasa la saba sikulimaliza. Nimeshauziwa mbolea ikawa majivu. Nimeshamwona mtu aliyesomewa hitima akirudi kudai shamba lake la mikorosho. Kwa hiyo mke wangu, Mama Shukuru, aliposhikilia kwamba msimu umekuwa mzuri na sisi twende likizo kwenye meli kubwa, zile zinazozungusha watu bandari kwa bandari wakatazame miji, nilimwambia, "Twende. Ila usitegemee nitashangaa."

Na kweli sikushangaa. Nilichoka tu. Tulipandia Mombasa, tukashuka Unguja, tukashuka Nosy Be kule Madagaska, tukashuka Port Louis kule Morisi, na kila tuliposhuka ilikuwa ni mambo yaleyale: basi lenye kiyoyozi, mtu mwenye kibendera anatembea mbele kama anachunga mbuzi, ukuta uliojengwa na marehemu fulani, kisha duka la kofia. Unguja tulisimamishwa juani saa nzima tunaonyeshwa milango. Milango! Mimi malori yangu yanabeba mbao kila siku, nikatazame mlango? Nosy Be tulionyeshwa komba, na Mama Shukuru akapiga picha arobaini za komba yuleyule. Miguu yangu ilivimba mpaka viatu vikawa vya kubeba mkononi. Ilipofika Port Louis nilikaa kwenye kiti cha mwenye duka la vanila, nikamwambia mke wangu aende akautazame mji kwa niaba yangu, akirudi anihadithie kwa kifupi.

Siku tuliyoondoka Port Louis, wakati wa chakula cha mchana, nilimwita mama mmoja aliyekuwa akituhudumia mezani, mtu wa makamo, mwenyeji wa Likoni, ambaye tulikuwa tumezoeana kwa sababu ya Kiswahili. Nilitaka maji. Akanijazia glasi kutoka kwenye jagi, na mimi mfanyabiashara siwezi kuona kitu bila kuuliza kinatoka wapi.

"Dada, maji haya mnayapakia bandari gani? Watu humu tupo kama mji mzima, na sijaona gari la maji hata moja."

"Hatuyapakii, baba. Yanatengenezwa humuhumu. Ni ya bahari."

"Ya bahari gani?"

"Hii hapa dirishani," akacheka. "Kuna mtambo huko chini, unayavuta, unayatoa chumvi, yanapanda mabombani. Ndiyo unayokunywa na kuogea tangu Mombasa."

Niliweka glasi mezani taratibu. Nikaitazama. Nikaionja tena. Nikatazama nje, maji hayo mpaka mwisho wa macho.

"Baba Shukuru," mke wangu aliniinamia, "umeshangaa?"

"Sijashangaa."

"Mbona glasi huiachii?"

Nikainywa yote. Mama Shukuru ni mtu wa Lukuledi, enzi za utoto wangu hakuwako. Lakini ninyi wa rika langu mliokulia kule juu Newala mnanijua jina langu la utotoni, na mnajua lilitoka wapi. Au mnadhani mnajua. Niwaambie mimi mwenyewe.

Mnakumbuka maji yalivyokuwa. Bomba lilikuwapo pale sokoni, lina kichwa kizuri cha shaba, lakini nilipokuwa nakua nililijua kama kitu cha kupigia makelele: unafungua, linakoroma, linatema upepo, unafunga. Maji yenyewe yalikuwa bondeni. Mama zetu walishuka ule mteremko kabla ya jua kutoka, wakapanga foleni kwenye chemchemi, wakapanda na ndoo kichwani, wakafika jua likiwa utosini. Harufu ya plastiki iliyoloa, ile ya dumu la manjano lililokaa juani likiwa na maji ndani, mpaka leo nikiinusa nasikia shingo inaniuma, na ndoo nimeacha kubeba siku nyingi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watu wote wa kule juu: mtu akishuka hapandi mikono mitupu. Awe ameenda msibani, awe ameenda kuposa, akirudi awe na maji, hata kibuyu. Ya pili ilikuwa ya mama: maji ya mama hayanywewi njiani wala hayakabidhiwi mtu mwingine. Unayafikisha, mama anaonja kwanza, anayashikilia mdomoni kidogo macho kayafumba, akishameza anasema, "Ni maji." Hapo ndipo yanaingia mtungini.

Mwaka huo kaka yangu Rashidi alikuwa jandoni, mimi bado mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Kwa mila yetu, mjomba ndiye anayemvalisha mpwa wake siku ya kutoka. Basi Mjomba Hamisi, kaka yake mama, akasema anaenda Dar es Salaam kununua kanzu, kofia na viatu, maana alikuwa ameuza korosho na alipenda watu wajue. Na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, akasema atanichukua nikaone miji.

"Utaona miji yote ya bandari kwa mpigo," aliniambia. "Mtwara, Lindi, Kilwa, Dar. Ukirudi hapa, mwalimu wako ndiye atakayekuuliza maswali."

Asubuhi ya kuondoka mama alinifunga dumu la lita tano begani kwa kipande cha khanga. "Huko uendako kuna maji," alisema. "Siku ya Rashidi kutoka nataka mtungi uwe umejaa. Usirudi na dumu tupu, Selemani."

Yeye alikuwa na maana ya bomba la mjini. Mimi sikuwa najua kama kuna bomba la kweli mahali popote.

Tulipofika Mtwara na kuiona bahari nilisimama nikashindwa kusogea. Sikuwaza uzuri wake. Nilichowaza, wallahi, ni kwamba watu hawa ni wavivu kiasi gani mpaka hawajatuletea. Maji yamelala chini bure, hayana foleni, hayana mwenyewe, na mama yangu anaamka alfajiri.

Mjomba alikuwa mwenyeji wa kila mji ambao hakuwahi kukaa. Pale Mtwara tulipanda meli, na ilipotia nanga Lindi alinishusha, akaninyooshea fimbo: "Hili boma la Mjerumani. Lile duka la Mhindi, ananijua." Mhindi hakumjua. Mimi nilikuwa nimeshaukimbilia ufuko. Nilichota kwa kiganja, nikaonja, nikatema. Chumvi tupu, mpaka machozi.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto wa juu. Hatua chache kutoka pale walikuwapo akina mama wanatengeneza ng'onda: wanapasua samaki, wanasugua chumvi, wanasuuza mikono na mabeseni mumo humo baharini. Mimi chumvi niliijua inatoka dukani kwenye gunia. Nikaelewa papo hapo. Hawa ndio wanaoharibu maji! Kwetu kwenye chemchemi ni hivyohivyo: ukingoni watu wanakanyaga, wanafulia, maji yanakuwa tope, anayetaka maji safi anaingia mpaka katikati. Sikumwambia mtu. Nililifunga dumu langu vizuri nikasema moyoni: mimi nitachota ya katikati.

Dar es Salaam naikumbuka kwa miguu. Mjomba alinitembeza mpaka nikawa nalala nikisimama. Tulitazama saa ya barabarani, tulitazama makreni, tulitazama ghorofa tukahesabu madirisha. Alininunulia mhogo wa kuchoma wenye pilipili nikalia. Kila pahali nilikuwa na dumu langu begani, na watu wa Kariakoo waliniita "muuza mafuta". Nyumba tuliyofikia ilikuwa na bomba uani. Mjomba akaniambia, "Jaza hapo dumu la mama yako." Nikatikisa kichwa. Bomba? Mabomba nilikuwa nayajua mimi.

"Mtoto mbishi huyu," akasema, akaenda zake kujaribisha kofia.

Wakati wa kurudi, Kilwa meli haikukaribia nchi kavu. Ilisimama mbali majini, abiria wakawa wanashushwa kwa mashua. Mjomba alikuwa amelala chali, bahari imemgeuza tumbo, kajifunika kanzu ya Rashidi usoni. Nikatazama huku bahari, huku bahari. Hakuna mama wa ng'onda hata mmoja. Nikasema, hapa ndipo.

Baharia mmoja alikuwa anaosha sitaha, anatumbukiza ndoo kwa kamba, anamwaga, anasugua. Nilimsogelea na dumu langu.

"Shikamoo. Naomba unichotee na mimi."

"Marahaba. Ya nini?"

"Ya mama."

Akanitazama, akatazama lile dumu nililolifunga kwa khanga. "Aaa, ya dawa," akasema, sauti imeshuka. "Mama anaumwa?"

"Anachoka sana," nikasema. Na ilikuwa kweli.

"Basi ataoga atapona, inshallah." Akanijazia mpaka shingoni, akakaza kifuniko kwa mkono wake.

Watu wa pwani wanayo desturi ya kuogea maji ya bahari kwa ajili ya mashetani na mikosi. Hilo nimekuja kulijua ukubwani. Siku ile nilimwona mtu mwema tu. Kutoka Mtwara mpaka nyumbani nilikaa kwenye lori nimelikumbatia, koo limekauka, na sikufungua. Mjomba aliniona akasema, "Hatimaye ulijaza. Safi." Mimi nikasubiri sifa kubwa zaidi.

Tulifika jioni, kesho yake ndiyo Rashidi anatoka. Nyumba imejaa wageni, mama yuko kwa shangazi wanatwanga. Mtungi mkubwa ulikuwa kwenye kona yake, umepungua kidogo juu, kama nafasi ya dumu langu hasa. Juma zima mama alikuwa anapanda na kushuka kuujaza. Na mimi, ninyi mnanijua, kupenda kuonekana nimezaliwa nako. Nilitaka aamke akute umejaa, aulize nani, niseme mimi. Sikumngoja aonje. Niliyamimina yote mpaka tone la mwisho.

Alfajiri mama aliwasha moto, akachota maji, akachemsha chai ya wazee. Nilijifanya nimelala, nachungulia. Mzee wa kwanza akanywa, akatema. Wa pili akasema, "Mama Rashidi, umekosea kopo la sukari?" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alichukua kata, akachota mtungini, akaonja. Akayashikilia mdomoni, macho kayafumba. Akayatema.

"Selemani," aliita, wala hakuuliza ni nani. "Maji uliyoleta ulichota wapi?"

"Katikati, mama," nikasema. "Katikati kabisa."

Mjomba Hamisi akashika kichwa. "Bahari! Mtoto kaleta bahari!" Na kicheko kikapasuka uani kote, na hapo ndipo jina la Maji Chumvi lilipozaliwa. Ninyi wengi habari yenu inaishia hapo, kwenye kicheko.

Lakini mnaijua mila. Mtoto akiwa jandoni haonji chumvi mpaka atoke. Na kwetu anaogeshwa maji aliyoyabeba mama yake mzazi, si ya kuazima. Na hata kama yangeazimika, kila nyumba siku hiyo ilikuwa na mtoto wake na maji yake ya kupima. Mama alisimama akautazama mtungi. Akatazama anga, jua linaanza kuonyesha wekundu. Vijana wangeletwa jua likipanda. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu ilikuwa inakataa.

Hakunipiga. Natamani hata leo angenipiga. Alivua khanga mpya ya sherehe, akaikunja akaiweka kitandani, akavaa ile ya kazi, akachukua ndoo, akashuka bondeni.

Vijana walikuja na ngoma, vumbi, vigelegele, wamepakwa mafuta wanang'aa, wameinamisha macho. Kila mama akawa anatoka mbio kwenye kundi, anamshika wake, anapiga kigelegele mpaka sauti inakatika. Rashidi alisimama pale katikati ya uwanja. Aliinua macho, kitu ambacho walikuwa wamekatazwa. Akatafuta. Akatazama mlango wa nyumba yetu, akatazama wale kina mama mmoja mmoja, akanitazama mimi. Nikatazama chini. Shangazi ndiye aliyekwenda kumshika mkono.

Mama alitokea wengine walipokuwa wameshavaa na wanakula. Alikuja na njia ya nyuma, ndoo kichwani, magoti mekundu kwa udongo, maana alikuwa ameanguka mara moja na kurudi kuchota. Rashidi alikuwa amekaa peke yake kwenye jamvi, hajaoga, kanzu ya mjomba imekunjwa pembeni. Mama akatua ndoo. Pumzi zilimwishia, akasema maneno matatu tu: "Haya, mwanangu aoge." Kigelegele hakupiga. Sauti hakuwa nayo, na saa yake ilikuwa imepita.

Hakulisema tena jambo lile, si siku ile, si mwaka ule, si nilipomletea mabati, si nilipomjengea tangi la kuvuna mvua. Nimempelekea mama yangu kila kitu ambacho pesa inanunua. Ila sijawahi kumpelekea maji kwa mkono wangu. Naagiza gari. Mtu akiniuliza kwa nini, nasema nina shughuli.

Ndiyo maana sikuiachia glasi ile mezani. Nilimwomba yule mama wa Likoni chupa tupu ya lita moja na nusu, nikaijaza mwenyewe bombani, nikakaza kifuniko. Mama Shukuru alidhani jua limenipata. Tulipofika Mombasa uwanja wa ndege wakasema maji hayapiti.

"Tia kwenye begi kubwa," mke wangu alisema.

"Begi anabeba nani?"

"Wao."

"Basi hapana. Maji ya mama hayakabidhiwi mtu."

"Selemani!" Mara chache sana hunitaja kwa jina. "Tiketi tumelipa! Unaacha ndege kwa ajili ya chupa ya maji?"

"Wewe panda ndege. Mimi nakwenda na basi."

"Na nitapanda kweli. Mimi na miguu hii sipakati chupa mpaka Newala."

Akapanda. Mimi nikapita Horohoro, Tanga, Dar, Lindi, siku tatu, chupa mapajani, mgongo unaniuma kama nimepigwa. Bahari ilikuwa inaonekana na kupotea upande wa kushoto, na sikuigeukia. Pale mteremko wa kwetu unapoanza nilimwambia dereva wangu aliyekuja kunipokea asimamishe gari. Nikapanda kwa miguu. Nilipumzika mara sita. Mimi niliyekuwa nauruka mteremko ule kama mbuzi.

Mama alikuwa kibarazani, amekaa juu ya mkeka, na kaka Rashidi yuko pembeni yake anabangua korosho. Rashidi sasa ana wajukuu na upara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko melini hamli?"

"Tunakula mpaka tunachoka." Nikapiga magoti, nikamwekea chupa mbele. "Nimekuletea maji."

Rashidi akaangua kicheko. "Maji Chumvi! Hujakoma tu?"

"Ya wapi?" mama akauliza.

"Ya baharini, mama. Ya katikati."

Kicheko cha Rashidi kikakatika. Mama alinitazama kwa muda, macho yake siku hizi yana ukungu, sijui aliona nini. Akafungua kifuniko mwenyewe. Akanusa. Akanywa kidogo, akayashikilia mdomoni, akafumba macho. Mimi mwenye malori matatu nilikuwa nimeinamisha kichwa kama mwenye kesi. Nikasikia anameza.

"Ni maji," alisema.

Halafu akamgeukia kaka. "Rashidi, njoo."

"Mama, mimi ni mzee, bwana."

"Njoo, nimesema."

Akasogea. Mama akamimina kwenye kiganja, akampaka utosini, usoni, shingoni, taratibu, kama mtu aliyekatizwa kazi akaja kuimalizia. "Haya, mwanangu aoge," akasema, akavuta pumzi, akapiga kigelegele. Kilikuwa chembamba, kilikwaruza kama bawaba ya mlango mbovu, na kilikatika kabla ya kufika njiani. Hakuna aliyecheka. Rashidi hakujifuta.

Chupa ilikuwa imebaki nusu. Akanipa. "Kamimine mtungini."

Nikaenda kwenye kona ileile, nikamimina mpaka tone la mwisho. Niliporudi nikakaa chini, na mama akauliza swali ambalo kule kwetu kila mtu huuliza akiona maji.

"Hapa ndoo ni mia tano. Hayo umenunua shilingi ngapi?"

Sijawahi kuficha bei ya kitu changu maisha yangu yote. Ninyi mnanijua, viatu nikinunua soko zima linajua. Lakini nilimtazama kaka yangu, maji yanamtiririka shingoni, nikasema, "Bure, mama. Baharini hayana mwenyewe." Kwenu ninyi sitadanganya. Nauli za meli za watu wawili, ndege ya kwenda, tiketi ya kurudi niliyoitupa, mabasi, nyumba za kulala wageni, mafuta ya gari, pamoja na chupa yenyewe: shilingi milioni kumi na nane, laki sita, elfu arobaini na tatu na mia tano.